Jetoni za Papa Amuri

Wamama na wapapa wa Kisangani, nyinyi wa upande huu wa mto na nyinyi wa ng'ambo, kule gari la moshi linapoanzia, nipeni masikio yenu kidogo. Mimi ni Germaine, muuza mikate ya mafuta kwenye njia ya kwenda Tshopo. Haya nitakayosema sikuyasikia sokoni. Lupango ya Papa Amuri, yaani kiwanja chenye nyumba zake, imepakana na yangu, kati yetu kuna ua wa miti tu, na mengi niliyaona kwa macho yangu mwenyewe.

Papa Amuri alitoka Kasongo akiwa kijana, akafanya kazi bandarini miaka mingi, mwishoni akawekwa kapita, mkuu wa mtaa wetu. Alikuwa mtu wa haki. Hakunywa pombe, hakupiga kelele, na wanawake walipogombana kwenye bomba la maji, yeye ndiye aliyewatenganisha, wote wakarudi nyumbani wameridhika. Nawaambia haya mapema ili msije mkafikiri nasimulia habari za mtu mbaya.

Nakumbuka Jumamosi moja mchana, mwaka wa hamsini na saba. Mama Nyota, mke wa Papa Amuri, alikuwa anatwanga ndizi za lituma. Binti yao Feza alikuwa amerudi kutoka sokoni, amenyoosha miguu kwenye mkeka. Karibu na jiko, Mama Marie-Jeanne alikuwa anapanga samaki wa moshi ndani ya kikapu. Huyu alikuwa mjane kutoka Isangi, aliyepanga chumba cha nyuma, na kila Feza alipokwenda kuuza, yeye ndiye aliyemlea mtoto wake. Mtoto huyo, Kalume, ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusema. Siku hiyo alikuwa amelala mapajani mwa Marie-Jeanne, naye anamwimbia wimbo wa wapiga makasia wa kwao. Papa Amuri alikuwa kwenye kiti chake kirefu, amefumba macho, anatabasamu. Marie-Jeanne akakohoa, akageuza uso, akafunika mdomo kwa pembe ya kitenge, kisha akaendelea kuimba. Hakuna aliyeshtuka. Kikohozi kile tulikuwa tumekizoea kama tunavyozoea mlango unaolia.

Wiki hiyo hiyo meli ilifika kutoka kule mto unakoshukia, na nusu ya mabaharia wake walikuwa wamelala na homa. Wazungu waliuita ugonjwa ule grippe ya Asie, mafua ya Asia. Sisi hatukuwa na muda wa kuupa jina. Ulipita mtaani kama maji yanavyopita penye mchanga. Shule zilifungwa. Sokoni meza zilibaki tupu. Hata kwenye maporomoko, wavuvi Wagenia waliokuwa na nguvu ya kupanda juu ya miti yao kuinua mitego ya samaki walikuwa wachache. Mimi mwenyewe nililala siku nyingi, nikisikia mtaa mzima unakohoa, nyumba kwa nyumba, kama watu wanaoitikiana.

Wengi tulipona. Wazee wengine walikufa, Mungu awapumzishe. Lakini homa ilipoondoka, kikohozi kilibaki kwa watu wengi, na hapo ndipo taabu ya pili ilipoanzia.

Munganga, daktari wa hospitali, aliwaita makapita wote. Aliwaambia kwamba ndani ya kikohozi hiki cha grippe kimejificha kikohozi kingine, kile cha kifua kikuu, na kwa sikio huwezi kuvitenganisha. Mate yanapimwa, lakini mara nyingine mate hayasemi kitu. Kuna mashine inayopiga picha ya ndani ya kifua, nayo inaona. Shida ni filimu. Filimu zilikuwa zinakuja kwa meli, na meli yenye filimu ilikuwa imekwama mbali, huko mto unakoshukia, maji ni haba na mabaharia ni wagonjwa. Zilizobaki zilikuwa sanduku dogo tu, za kugawia mji mzima.

"Siwezi kupiga picha watu wote," munganga alisema. "Ninyi munajua watu wenu. Muniletee wale wa kikohozi ya zamani, ile ilianza mbele ya grippe. Wale wanakonda. Wale wanatema damu. Na zaidi wale wanabeba watoto ya watu."

Kila kapita alipewa vipande vya bati, jetoni, na kila jetoni ilikuwa picha moja. Papa Amuri alipata kumi na mbili. Aliagizwa azigawe pamoja na Faustin, kijana wa mtaa wetu aliyekuwa infirmier, muuguzi, pale hospitalini.

Siku ile ile, ili watu wasiogope mashine, munganga alipiga picha moja ya mfano mbele ya makapita, na aliyesimamishwa kwenye mashine alikuwa Papa Amuri. Alirudi jioni. Mama Nyota alimwekea chakula, hakukigusa. Tulikuwa tumejaa kwenye lupango yake tukitaka habari.

"Walinisimamisha mbele ya ubao ya baridi," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Wakasema, vuta hewa, shika. Nikashika. Kitu kikalia kidogo, basi. Halafu munganga akaweka ile karatasi nyeusi mbele ya taa. Mama Feza, niliona mbavu yangu! Moja moja, mupaka ya mwisho. Na hapa katikati, moyo. Moyo yangu mwenyewe, ile inapiga tangu tumbo ya mama. Miye niko muzima, na niko naiangalia."

Papa mmoja alivua kofia. Mimi niliweka mkono kifuani bila kujua, na nilipotazama pembeni, niliona watu wote wamefanya vile vile, wakubwa kwa wadogo, kila mtu anasikiliza kile kitu kinachopiga ndani yake ambacho hajawahi kukiona. Ndugu zangu, ilikuwa ajabu takatifu. Mungu alikuwa ameruhusu mtu aone mahali ambapo Yeye peke yake alikuwa anaona. Sikulaumu mtu yeyote kwa kutaka kuona. Mimi pia nilitaka.

Basi kuanzia kesho yake jetoni hazikuwa tena kipimo cha wagonjwa. Zikawa heshima.

Wa kwanza kuja alikuwa Papa Nicolas, mwenye duka la vitambaa. Alikuja amevaa koti.

"Kapita," alisema, "mutu kama miye anaweza kufa bila kuona moyo yake?"

"Unakohoa?" Papa Amuri alimwuliza.

"Asubui. Kidogo. Kama vumbi iko mingi."

Papa Amuri alicheka, akampa. Baada yake alikuja mwalimu mkuu wa shule, kisha mzee wa msikiti, kisha kiongozi wa bendi ya fanfare, kisha shemeji yake aliyekuwa karani. Wote walikuwa watu wazuri, wenye majina. Papa Amuri hakuchukua faranga hata moja, wala kuku, wala kitambaa. Kilichomfurahisha ni namna wakubwa hao walivyoketi kwenye baraza yake, wakamwita kapita kwa sauti laini, wakangojea mkono wake uingie mfukoni.

Faustin alijaribu. Nilimsikia kupitia ua.

"Papa, docteur alisema wa kikohozi ya zamani kwanza."

"Faustin, nani alikuombea ile kazi ya hospitali?"

"Ni wewe, Papa."

"Alors? Basi?"

Faustin alinyamaza. Alikuwa na mke na watoto, na aliheshimu wakubwa kama alivyofundishwa. Lakini alikuwa anajua, na alinyamaza.

Siku mbili tatu baadaye Mama Marie-Jeanne alifika mbele ya baraza ile. Alikuwa ameosha kitenge chake. Alipiga magoti kidogo, kama watu wa mto wanavyofanya mbele ya mkubwa.

"Papa kapita, nasikia ile mashine inaona kikohozi. Yangu inakatala kutoka tangu mwaka jana. Jioni mwili inapata moto. Nguo zote zimekuwa kubwa kwangu."

"Mama, wewe ni mutu ya Isangi," Papa Amuri alisema, bila hasira, kama mtu anayeeleza sheria. "Kule iko kapita yako. Hizi ni za watu ya mutaa."

"Lakini nalala hapa, Papa. Nalala ndani ya lupango yako."

"Bon, ngojea. Meli italeta zingine. Likambo te, haina shida."

Marie-Jeanne alishukuru. Ndiyo, alishukuru, akarudi jikoni, akamwinua Kalume aliyekuwa analia, akamfunga mgongoni.

Jetoni ya mwisho Papa Amuri alimpa mke wake. Mama Nyota alikuwa anakohoa tangu grippe, na alikuwa na hofu kubwa moyoni, kwa sababu mama yake mzazi alikufa kwa kifua kule Kasongo. Hospitali ilikuwa inapokea watu wawili wa mtaa wetu kila juma, na wanawake waliwekwa nyuma. Kwa hiyo Mama Nyota alingoja zamu yake, na majuma yalipita.

Lo, majuma yale! Kila mkubwa aliyerudi kutoka hospitalini alikaribisha watu asimulie. Papa Nicolas alichinja mbuzi. Mwalimu mkuu aliwachorea wanafunzi mbavu zake ubaoni. Mtaa ulikuwa kama kwenye sikukuu, na katikati ya sikukuu ile Marie-Jeanne alikuwa anakonda mpaka mifupa ya mabega ikaonekana, na Kalume akaanza kukataa chakula. Jioni alikuwa na moto, alitapika, alilia ukimgusa kichwa. Tulisema ni meno.

Siku ya Mama Nyota ilipofika, alivaa kitenge chake kizuri, akatuomba mimi na Marie-Jeanne tumsindikize. Njiani Marie-Jeanne alisimama mara nyingi kupumua. Tulipofika mbele ya mlango wa chumba cha mashine, kikohozi kilimshika. Alikohoa akiwa ameinama, mkono ukutani, na alipoondoa kitambaa mdomoni kilikuwa chekundu. Alikikunja upesi, lakini tulikuwa tumekwisha kuona.

Mama Nyota alikuwa ameshika jetoni mkononi. Alitazama mlango. Alitazama kile kitambaa. Kisha akamshika Marie-Jeanne mkono, akamwekea jetoni kiganjani, akakifunga kiganja kwa vidole vyake.

"Ingia, Mama."

"Na wewe? Wewe pia unakohoa."

"Miye naogopa, sitakudanganya. Naogopa sana. Lakini naona damu yako. Ingia."

Faustin alikuwa mlangoni anapokea jetoni. Alijua vizuri zamu ni ya nani. Alitazama kile kipande cha bati, akatutazama sisi, macho yakamjaa maji.

"Jetoni haiko na jina," alisema, akafungua mlango.

Nimeona mambo mengi maishani. Nimeona Mto Kongo umefurika ukabeba nyumba nzima na paa lake. Lakini bado sijaona kitu kilichonifanya nijisikie mdogo kama yule mwanamke aliyejaa hofu akitoa mkononi mwake kile alichokihitaji. Alikaa nje kwenye benchi, akakohoa, akangoja.

Munganga alituita ndani. Filimu ilikuwa imetundikwa mbele ya taa, na hapo nikaona kile kitu mtaa mzima ulichokuwa unakiota. Mbavu zilipinda kama mkono wa mtu anayebeba mtoto. Munganga alitueleza kwamba pale peusi ni hewa, ni afya, na pale peupe ni ugonjwa. Upande wa kulia, juu, kulikuwa na wingu jeupe, na katikati ya wingu tundu la mviringo.

Marie-Jeanne aliliangalia muda mrefu.

"Docteur," aliuliza, "ile tundu inakaa ndani yangu?"

"Ndiyo, Mama. Lakini tumeiona. Sasa tutaipiga vita."

Aliweka mkono wake juu ya filimu, pale palipokuwa na lile tundu, polepole, kama mtu anayegusa kidonda cha mwingine.

Munganga alituma watu wamwite Papa Amuri. Alipoingia, filimu zote za mtaa wetu zilikuwa zimetundikwa kwa mstari, taa zinawaka nyuma ya filimu hizo. Vifua kumi na viwili vilikuwa vinatuangalia.

"Kapita, nionyeshe ugonjwa," munganga alisema.

Papa Amuri alipita polepole toka cha kwanza. Nafikiri bado alikuwa na ile ajabu usoni, maana alitembea kama mtu aliye ndani ya kanisa au msikiti.

"Sioni, Docteur."

"Hata miye sioni. Mara kumi na moja sioni kitu. Hawa wote ni wazima, na nguvu yao. Sasa angalia hii ya mwisho." Alimwonyesha lile wingu. "Sanduku imekwisha. Huyu mama analala na nani? Tunapaswa kupima watu yote ya nyumba yake, na haiko tena filimu. Analala wapi?"

Papa Amuri aliigeukia tena ile filimu.

"Ni lupango yangu," alisema.

"Iko mutoto kule?"

Papa Amuri aligeuka, akatoka mbio, mtu mzima yule, kapita, akikimbia barabarani bila viatu, maana kiatu kimoja kilimtoka mlangoni na kingine alikitupa.

Walimleta Kalume saa hiyo hiyo, Feza amembeba. Shingo ya mtoto ilikuwa imekauka kama kijiti, macho hayatulii mahali pamoja. Munganga alimchoma sindano mgongoni, akatoa maji, akayaangalia penye mwanga wa dirisha. Alisema ugonjwa umepanda kichwani. Alisema bila filimu hawezi kujua yote, lakini hatangoja, ataanza dawa. Alisema pia, na hili Papa Amuri alilisikia, kwamba angeletewa mtoto huyu majuma yaliyopita, angekuwa na matumaini zaidi.

Kwenye uwanja wa hospitali Feza alimwona Marie-Jeanne akipelekwa kwenye pavillon ya wagonjwa wa kifua. Alimrukia.

"Ni yeye! Alimupa mutoto yangu kifo na mikono yake! Nilimuamini, nilimupa mutoto yangu!"

Marie-Jeanne aliketi chini kwenye vumbi. Hakujitetea. Alisema neno moja tu, "Kalume," akaliacha hapo.

Mama Nyota alimshika binti yake kiunoni.

"Feza, acha. Hakujua. Na aliomba. Alikuja mbele ya baraza yetu, akaomba."

Feza alimgeukia baba yake.

"Aliomba, Papa?"

"Aliomba."

"Na ulimupa nani?"

Papa Amuri alianza kuwataja. Papa Nicolas. Mwalimu mkuu. Mzee wa msikiti. Kiongozi wa fanfare. Alitaja mmoja mmoja, na kila jina Feza alilisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kidogo, kana kwamba anangoja lile jina litakaloeleza kwa nini. Halikuja. Papa Amuri alipomaliza alilia mbele yetu wote, na sisi tulitazama chini.

Kuanzia siku ile alikwenda bandarini kila mchana kuangalia kama meli inakuja. Nilimpelekea mikate mara moja, nikamkuta amesimama pale. Mto ulikuwa umepungua, mchanga umetokeza mgongo wake katikati, na ule upana wote wa maji ulikuwa mtupu mpaka macho yanapoishia. "Mama Germaine," aliniambia, "miaka yote nilikaa hapa, nilifikiri miye ni mutu mukubwa. Angalia hii mto. Haijui jina yangu."

Meli ilifika hatimaye, na filimu zikashushwa, sanduku lisilozidi sanduku la sabuni. Jetoni mpya ziligawiwa. Zilikuwa nyingi kuliko mara ya kwanza, lakini hazikutosha watu wote wanaokohoa.

Papa Amuri aliita mtaa mzima kwenye uwanja wa mpira. Alizimwaga jetoni zote kwenye beseni, akaliweka beseni juu ya kiti mahali ambapo kila mtu analiona, akamsimamisha Faustin karibu nalo.

"Wandugu," alisema, "miye nilipewa dawa, nikafanya medali. Nilipatia watu wenye nguvu, na mugonjwa nilimufukuza mbele ya mulango yangu. Mujukuu wangu analala hospitali juu ya hiyo. Leo tutachagua hapa, mbele ya watu yote. Faustin, sema sheria."

Faustin alisema kwa sauti kubwa, na safari hii hakutetemeka: kikohozi cha zamani kwanza, anayetema damu kwanza, na kati ya hao, anayelala na watoto au anayepika chakula cha watu apite mbele.

"Nani anakohoa tangu mbele ya grippe?" Papa Amuri aliuliza.

Mnajua wenyewe aibu ya ugonjwa ule. Mtu akisema ana kifua, hakuna atakayenunua majani yake ya pondu wala kumwoa binti yake. Tulisimama na jua linatuchoma. Kisha Papa Nicolas, yule wa koti, alitoka katikati ya watu bila kusema kitu, akaenda zake. Tulifikiri amekasirika. Alirudi akimshika mkono bibi mmoja mwembamba aliyejifunika uso, mama wa mke wake, ambaye wengi wetu hatukujua kama yuko hai. Alikuwa amemficha nyuma ya duka tangu mwaka jana.

"Huyu," alisema. "Na analala na watoto yangu."

Basi ikawa kama mlango umevunjika. Mwalimu mkuu alimleta mdogo wake. Mwanamke mmoja alimleta mumewe akimwegemeza begani. Walitoka kwenye vyumba vya nyuma, kwenye majiko, wengine hawajaona jua siku nyingi, wanafunika macho. Tulikuwa tumeishi nao, kuta kwa kuta, bila kuwaona. Sikuhitaji mashine, ndugu zangu. Siku ile niliona kifua cha mtaa wetu, na kilichokuwa ndani yake.

Mtu mmoja alipiga kelele, "Yule ni wa ng'ambo! Haiko mutu yetu!"

"Kikohozi haina kapita," Papa Amuri alijibu. "Apite."

Mwishoni ilibaki jetoni moja na watu wawili wanaotema damu. Mmoja alikuwa mzee Cyprien, mvuvi wa Yanonge, mwingine alikuwa mama kijana mwenye mapacha mgongoni. Mzee Cyprien aliwaangalia wale watoto, akavuta pumzi.

"Miye nalala peke yangu," alisema. "Nitangojea meli ingine. Yeye apite."

Akarudi nyuma kwa miguu yake mwenyewe, na watu wakampisha njia kama wanavyompisha mfalme.

Mama Nyota alipigwa picha juma lililofuata. Kifua chake kilikuwa cheusi chote, kizima. Alipoambiwa aliketi sakafuni akalia kuliko walivyolia wagonjwa. Mzee Cyprien meli nyingine haikumkuta. Tulimzika kwa heshima, na mama wa mapacha alitembea mbele ya jeneza.

Kalume hakufa. Baada ya miezi ya sindano Feza alimrudisha nyumbani anatembea, mwembamba, anacheka. Tulijaa kwenye lupango. Mtoto alikuwa amesimama anaangalia kuku, mgongo umetuelekea. Papa Amuri aliinama, akafungua mikono.

"Kalume!"

Mtoto hakugeuka.

"Kalume! Koko yako, babu yako, anakuita!"

Kuku alikimbia, mtoto akacheka. Feza aliweka kiganja mdomoni. Hapo ndipo tulipojua kwamba ugonjwa ulipokuwa kichwani ulikuwa umechukua masikio yake, na kwamba hataisikia tena sauti ya mtu.

Papa Amuri alirudisha ukapita. Tulimsihi, akakataa. Marie-Jeanne alipona baada ya mwaka na zaidi, akarudi kuishi karibu nasi. Mama Nyota anakula naye sahani moja. Feza humsalimu tu, kisha anapita. Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kitu cha kuokoa watu kinapokuwa kidogo, hakiwezi kuwa zawadi ya wakubwa wala malipo ya urafiki. Kipimo ni cha yule ambaye ugonjwa wake usipoonekana utamwua yeye na wale anaowabeba, awe wa mtaa wetu au mgeni, awe na jina au asiwe nalo. Wewe uliyepewa kugawa, gawa mbele za watu, na useme sheria kwa sauti. Wewe unayejua sheria, usinyamaze kwa sababu mkubwa amekuuliza nani alikupa kazi. Na wewe uliye mzima, mwenye heshima zako, ukiona nafasi imebaki moja, tazama nyuma yako kwanza nani anakohoa. Papa Amuri hakuiba wala hakumchukia mtu. Alipenda tu kuheshimiwa, na hiyo ilitosha kumnyima mtoto sauti ya mama yake maisha yake yote.